Oya ya Diwani

Kata yetu ilikuwa na madiwani kabla yake na imepata mwingine baada yake, lakini ukisema "Diwani" pale mwaloni Ujiji, mitumbwi inapotia nanga, watu wote wanajua unamtaja nani. Anayekalia kiti hicho sasa huitwa "mheshimiwa" akiwepo na "yule kijana" akiondoka. Mzee wetu alitoka barazani, cheo kikagoma kutoka naye.

Nimemfuatilia miaka mingi. Mwanzoni ilikuwa kazi tu, maana redio yetu ilinituma kuripoti vikao vya baraza la madiwani. Baadaye niliendelea kwa sababu nilishindwa kumwelewa, na sipendi kushindwa. Nimezoea kupanga mambo: nani kasema nini, kwa nini, na nini kikafuata. Kwake yeye mpango huo hukatika katikati. Ninaweka hapa nilichokiona na kukisikia. Vipande visipokaa vizuri kwa msomaji, ajue kwamba hata kwangu havijakaa.

Alikuwa na tabia ya kusikiliza akiwa amefumba macho. Kwenye vikao aliegemea kiti, akaweka mikono juu ya tumbo, na kope zikashuka kama pazia la duka wakati wa swala. Hakuna aliyeweza kujua kama anasikiliza au amelala. Mara nyingi mtu alipomaliza kusema, Diwani alifumbua macho na kurudia hoja yake neno kwa neno, kisha akaibomoa. Mara nyingine alifumbua macho na kuuliza kama chai imefika. Wenzake walimwogopa kwa sababu hiyo. Hujui unaongea mbele ya hakimu au mbele ya mtu anayeota.

Kiswahili chake kilikuwa cha Muha aliyekisoma kwa bidii. Barazani alisema "aidha" na "ilhali", akatamka kila silabi kama anayetembea na ndoo ya maji kichwani. Neno moja tu la Kiswahili hakulitumia: hapana. Ukimwomba jambo asiloliweza, angekwambia "tutaliangalia" au "hilo lina mjadala", au angekuuliza hali ya mama yako. Siku moja nilimuuliza kwa nini.

"Hapana ya Kiswahili ina kishindo," akasema. "Mtu anaondoka nayo mpaka nyumbani kwake, analala nayo. Oya ni nyepesi."

Oya, kwa Kiha, ndiyo hapana. Nyumbani kwake niliisikia sana. Wajukuu walikuja kuomba soda, akasema oya, wakaondoka wanacheka. Jirani alikuja kuazima toroli, akasema oya, jirani akavuta kigoda akakaa. Kweli ilikuwa nyepesi.

Lakini mdomoni mwake kulikuwa na oya nyingine. Vijana wa bodaboda pale njiapanda walikuwa wakimwona tu wanapaza sauti, "Oya, Diwani!" Naye huinua mkono: "Oya!" Wanapiga honi, wanafurahi. Hiyo ni oya ya mjini, ile ya Dar na Mwanza, ya kumwita mtu, ya kumwambia haya twende. Mzee alikuwa nazo zote mbili, ya wajukuu na ya bodaboda, na sauti haikubadilika. Wakati huo niliona ni kichekesho tu.

Jambo alilokuwa hodari nalo kuliko mengine, kwa kadiri nilivyoweza kupima, ni kuchagua hoja. Nakumbuka mkutano wa kata uliofanyika kwenye uwanja wa kuanikia dagaa. Alitakiwa kupeleka barazani jambo moja ambalo manispaa yetu ingeomba litungiwe sheria au sheria yake irekebishwe. Watu wakasimama mmoja mmoja. Maji. Barabara. Taa. Zahanati haina kitanda. Mzee mmoja alilalamikia muziki wa baa iliyo nyuma ya nyumba yake.

Diwani alifumbua macho. "Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

"Yote ni ya kweli. Sasa nitajieni moja."

"Tumekutajia yote ili uchague wewe," mtu akasema.

"Nikichagua mimi, mtasema nimechagua la kwangu."

"Kwani hujawahi?" Mama Zena akadakia, na watu wakacheka mpaka dagaa wakakanyagwa. Diwani naye alicheka.

Mama Zena ni Mmanyema wa Ujiji, mjane, mwuza samaki, mgebuka na dagaa. Anamtania Diwani tangu hajawa diwani. Nyumba yake iko upande wa ziwani. Walipoijenga na marehemu mumewe, anasema, watoto walikuwa wanacheza mpira kati ya mlango na maji, na mpira haukulowa. Baadaye ziwa likapanda. Likala uwanja wa mpira, likala vichanja vya dagaa, likazunguka kisiki cha mchikichi uliokuwa kivuli cha wavuvi, likaja kusimama karibu na kibaraza chake. Sheria inasema mtu asijenge ndani ya mita sitini kutoka ukingo wa maji. Maofisa walikuja na utepe, wakapima kutoka maji yalipofika, wakapiga X nyekundu ukutani, alama ya kubomolewa. Mwanamke aliyejenga mbali na ziwa akawa mvamizi wa ziwa bila kuondoka kitandani kwake.

"Mnataka moja?" akasema siku hiyo. "Haya. Mimi sikulifuata ziwa. Ziwa limenifuata mimi. Sheria inasemaje kuhusu anayefuatwa?"

Diwani akasema, "Sikilizeni. Kuna jambo la kulalamikia na kuna jambo la kuombea sheria. Mbu unamlalamikia. Chandarua unakiomba. Hapa leo tumetaja mbu wengi. Chandarua nimesikia kimoja."

Mikono ikainuka yote, hata wa yule mzee wa muziki. Hoja ikawa hii: mita sitini zipimwe kutoka mahali maji yalipokuwa wakati nyumba inajengwa.

Niongeze hapa kwamba yeye mwenyewe halali kwenye chandarua. Mkewe aliniambia kinamkaba pumzi. Na mbu hakuacha kuwalalamikia.

Kwa wasiojua mambo ya halmashauri, hoja ya mji mmoja haifiki mbali ikiwa peke yake. Miji na wilaya za upande wetu hukutana, kila mmoja na lake, na kati ya hayo yote yanachaguliwa machache yatakayopelekwa Dodoma kwa sauti moja. Ndugu wa bara kavu wanaleta ng'ombe wao, wa mpakani wanaleta soko lao, sisi tunaleta ziwa letu. Kwanza kamati inakaa na kuziunganisha hoja zinazofanana. Kisha wajumbe wanapiga kura kwa sauti. Likishapita ni la wote, hata la yule aliyelikataa. Analibeba kama la kwake.

Nilidhani kila mji unapigania la kwake mpaka jasho litoke. Diwani hakufanya hivyo. Kwenye mkutano mmoja wa namna hiyo alisimama na kutetea njia za kupitishia ng'ombe kwa muda mrefu hadi mwenyekiti akagonga meza. Alijua majina ya magonjwa ya ng'ombe. Alieleza kiu ya ndama mpaka mjumbe mmoja akajifuta uso. La kwetu hakuligusa. Nilimsubiri mlangoni.

"Mzee, sisi na ng'ombe wapi na wapi?"

"Mwandishi, nyumbani kwenu mmewahi kufiwa?"

"Tumewahi."

"Watu walijaa?"

"Walijaa."

"Kwa nini walijaa?"

Nikajibu kwamba baba yangu alikuwa mtu wa kwenda misibani.

"Basi," akasema. "Nenda kwenye misiba isiyokuhusu. Siku yako hutapika chai peke yako."

Hapo niliamini nimempata. Niliiweka habari hiyo vizuri kichwani: huyu ni mtu wa kuwekeza kwa wengine, anahani ng'ombe wa watu ili watu waje kuhani nyumba ya Mama Zena. Ilipendeza, ilinyooka.

Kisha ukaja mkutano wa Kigoma.

Safari hiyo sisi ndio tulikuwa wenyeji, ukumbi ukiwa mjini, upande wa juu wa reli. Asubuhi Diwani aliwasilisha hoja ya mita sitini kwa utulivu. Alisema ziwa halina saa: "Ukinipima asubuhi wakati wimbi limekuja, mimi ni mvamizi. Ukinipima jioni limerudi, mimi ni raia mwema." Ukumbi ulicheka na nikaona vichwa vikiitikia kutoka kila upande, hata kwa wale wa ng'ombe. Msiba ulikuwa umejaa.

Tatizo lilianza kamatini. Miji mingine ina mito, mingine ina mabwawa, na kila mmoja alitaka mita sitini zimfae. Wengine walisema mji wao haukumbuki maji yalikuwa wapi zamani. Baada ya chakula cha mchana mwanasheria wa manispaa yetu, binti mchangamfu kutoka Iringa, akasimama kusoma hoja ilivyounganishwa. Sasa ilisema mita sitini zipimwe kutoka mahali ambapo halmashauri husika itaona panafaa.

Watu walipiga makofi. Kila mji uliisoma ukaona umepata. Mimi pia, nikiwa na haraka ya taarifa ya jioni, niliona tumepata.

Mwenyekiti alikuwa meya wa mji wa mbali, mtu mcheshi, anayetaka kuwahi. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

Ukumbi ukanguruma.

"Wasioafiki?"

Kikasikika kiyoyozi tu. Halafu, kutoka safu ya pili, bila kupaza sauti, Diwani akasema:

"Oya."

Mwenyekiti akacheka. "Oya! Wazee wa Kigoma mmechangamka. Haya twende. Walioafiki wameshinda."

Makofi. Nilimtazama. Alikuwa amefumbua macho.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja, mjumbe kutoka Kasulu, Muha. Akaniinamia. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Amekataa."

"Amekataa hoja yake mwenyewe?"

"Sijui ya nani. Mimi nakwambia amekataa. Ile siyo oya ya bodaboda."

Wakati wa chai nilimfuata mwanasheria. "Mzee wenu wa kisasa," akasema, akiwa na sambusa mkononi. "Oya! Nimempenda bure."

Watu wawili, masikio mazima, neno moja. Nilitangaza jioni kwamba hoja ya mita sitini imepita, na ilikuwa kweli.

Kama mambo yangeishia hapo, ningesema mzee alikataa, akanyimwa kukataa kwake. Lakini alipochaguliwa kwenda Dodoma na wenzake kuzitetea hoja za pamoja, alikwenda. Nilisikiliza sauti iliyorekodiwa huko na mwenzangu. Alilitetea lile andiko la "itaona panafaa" vizuri kuliko alivyolitetea la mwanzo. Aliwaeleza kuhusu mlango wa Mama Zena na mpira ambao haukulowa. Unasikia wakubwa wanacheka. Mtu gani anasema oya Kigoma na kwenda Dodoma kubembeleza?

Mama Zena alikuwa na maelezo yake, na alinipa huku akigeuza dagaa. "Anamwogopa mkewe. Mkewe amemwambia akirudi bila kitu atalala na mbu."

"Mama, mimi nauliza kweli."

"Nami nakujibu kweli, mwanangu. Nyumba ni yangu, X ni yangu, ungekuwa wewe ungeuliza neno au ungeuliza nyumba? Mwambie namuuliza nyumba."

Nilimfuata Diwani shambani kwake Kidahwe, kwenye barabara ya Kasulu, alikokuwa akishughulikia mawese. Nilimkuta anakagua ngazi ya kupandia michikichi, amevaa kaptura na miwani ya kusomea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kununua au kuuliza?"

"Kuuliza. Siku ile ukumbini ulisema oya."

"Nilisema."

"Oya ipi?"

Alivua miwani. "Wewe ulisikia ipi?"

"Sijui."

"Mwenyekiti naye hakujua, na akaamua. Wewe una shida gani?"

Nikamwambia nilivyofikiri: kwamba andiko jipya lilimnyang'anya Mama Zena mstari wa zamani na kumkabidhi kwa halmashauri. Alinisikiliza macho yamefumbwa. Alipofumbua akasema, "Halmashauri itaona panafaa. Mimi nimekaa humo, Mwandishi. Najua tunavyoona." Kisha akasema, "Hoja ya watu wote haina mama. Ikilia usiku, kila mtu anadhani mwenzake ataamka."

"Kwa hiyo kwa nini hukusimama ukapinga kwa Kiswahili?"

"Msiba ulikuwa wangu," akasema. "Watu wametoka mbali, wamejaa uani, wanalia vizuri kabisa. Nisimame niwaambie marehemu siye huyu?"

Nilicheka, na nilipomaliza kucheka nikarudi kwenye swali. "Kwa hiyo ulikataa."

"Hilo lina mjadala," akasema, akaniuliza hali ya mama yangu.

Nilirudi mjini na dumu la mawese nisilokusudia kulinunua. Njiani nilijaribu kupanga upya. Alikataa, lakini kwa sauti ambayo isingewaudhi waombolezaji. Au alikubali kwa mtindo wa vijana, kisha akaona aibu na kujitengenezea kukataa kwa ajili yangu, kwa sababu andiko lilianza kumtisha. Au alikuwa amelala, akaamshwa na makofi, akasema neno la kwanza lililokuwa mdomoni. Maelezo yote yalifika Kigoma yakiwa mazima, na hakuna hata moja lililoliua lingine.

Muda wake barazani uliisha na hakugombea tena. Akahamia Kidahwe moja kwa moja, na watu wa mwaloni walimcheka kwamba amekimbia ziwa. "Huku halitanifuata," aliwajibu. Hoja ya mita sitini, kila nikiuliza, naambiwa inafanyiwa kazi. Ikasahaulika na wengi, kwa sababu ziwa lenyewe lilianza kurudi nyuma. Halikupiga kura. Lilirudi taratibu, likaacha mchanga mweusi na mifuko ya plastiki, na siku moja kile kisiki cha mchikichi kilisimama pakavu tena, mbuzi amefungwa hapo.

Mara ya mwisho kumwona Diwani ilikuwa hapo, kwa Mama Zena, asubuhi. Nilipita kununua mgebuka. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza, viatu pembeni, na alikuwa amemletea mawese. Nyumba ilikuwa mbali na maji kama zamani, au karibu kama zamani. X bado ilikuwa ukutani, imepauka kidogo.

Mama Zena alikuwa amekoroga ndoo ya chokaa. Brashi ilikuwa mkononi, lakini ukuta ulikuwa bado mkavu.

"Nimekwenda manispaa," alinieleza. "Nimewaambia ziwa limeondoka, njooni mfute. Wanasema hawawezi kufuta mpaka baraza liamue pa kupimia. Nikawauliza, na mkiamua mpime kutoka lilikofika? Wakasema hilo nalo wataliona." Akamgeukia mzee. "Haya, Diwani wangu. Ulinibebea hoja mpaka Dodoma. Ziwa linakuja au linaenda?"

"Liulize lenyewe. Mimi nilichaguliwa na watu."

"Na likirudi?"

"Likirudi litakukuta."

"Umeona majibu yake?" akaniambia. "Ndiyo maana sikumpigia kura."

"Ulinipigia," Diwani akasema.

"Mara moja. Nilikuwa na homa."

Wakacheka wote wawili, lakini Mama Zena aliacha kwanza. Aliutazama ukuta. Ile alama ilikuwa imekaa naye muda mrefu. Wateja waliwaelekeza wageni kwayo: nyumba yenye X. Wanawe walimshauri asitengeneze bati, kwa nini kutengeneza nyumba ya kuvunjwa. Mvua ilikuwa inaingia chumbani, na alikuwa amehamishia kitanda upande mwingine.

"Sitaki hadithi sasa," akasema polepole. "Nataka kujua nitengeneze bati au nisitengeneze. Nikiipaka chokaa hiyo X, kuna ubaya?"

Diwani aliangalia kule kwenye kisiki, kisha maji, kisha akaangalia ukuta.

"Oya," akasema.

Mama Zena anajua Kiha cha sokoni, cha bei na matusi. Aliniangalia mimi. "Amesema nini?"

Nilifungua mdomo kumfafanulia. Kwa Kiha alikuwa amesema hakuna ubaya. Kwa oya ya bodaboda alikuwa amesema haya, twende. Nilizigeuza zote mbili na kwa mara ya kwanza sikuona pa kuzitenganisha.

"Amesema oya, mama."

"Basi," akasema, akachovya brashi.

Mkupuo wa kwanza ulipita katikati ya X. Wekundu ulitokeza chini ya chokaa, akapaka tena juu yake, na tena. Diwani aliinuka, akaisogeza ndoo karibu na mguu wa Mama Zena ili asiiname sana. Kisha akarudi kukaa kibarazani, akaweka mikono juu ya tumbo, akafumba macho.